Michikichi Isiyo na Mizizi

Jumatano, 10 Oktoba 1962

Mkutano sokoni leo, baada ya shule. Bibi alinituma nimwakilishe, kwa sababu miguu yake imevimba na kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya nguzo.

Bwana Bahizire, agronomu wetu, yaani bwana shamba wa serikali, alipanda juu ya kreti ya bia. Alisema kuanzia Jumatatu atapita shamba kwa shamba huku Gatete kuhesabu michikichi michanga, na wanaostahili watalipwa na serikali. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, polepole. Kisha akasema kila nyumba isimame itaje jina lake kwa sauti, halafu ataeleza yaliyobaki.

Kwa sauti! Mbele ya watu wote! Na Kadidja, binti wa jirani, alikuwa amekaa pale pale akila karanga, uso wake upande wangu. Nilikumbuka kwamba nina kazi ya jiografia. Niliondoka.

Si neno. Yaliyobaki yanajulikana. Mwaka jana serikali ililipa primu, zawadi ya pesa, kwa kila mchikichi ulio hai, na mwaka huu itakuwa vile vile. Serikali ni mpya, lakini mchikichi ni ule ule.

Shida ni kwamba yetu haiko hai. Karibu nusu imekufa. Panya wanaingia kwenye mche, wanakula moyo wake mweupe, na kesho yake majani yamelala chini kama mlevi. Na inasemekana mtu mmoja wa kule mlimani, shamba lake lilipoonekana limekufa, alinyang'anywa, akapewa mwingine. Shamba letu bado limeandikwa jina la Babu, na Babu amefariki. Sylvestre, kapita, yaani msimamizi wa mashamba, tunayepakana naye, amekwisha kumwambia Bibi mara nyingi kwamba shamba ni mzigo mzito kwa mjane. Anasema kwa upole sana. Huku akipima mpaka kwa macho.

Nimemwambia Bibi kwamba watakuja kuhesabu. Amesema vizuri, akaendelea kuchambua ndagala, vidagaa vya ziwani. Maskini, hajui hatari iliyopo. Nitaibeba peke yangu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Lazima niandike jambo moja kwa haki, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu.

Serikali ilitugawia wavu wa waya wa kuzungushia miche ili panya wasifike. Haukutosha yote, sehemu tu. Bibi alinipa kazi ya kuuzungusha. Lakini wiki ile ile panya walikuwa wameanza kutafuna kamusi ya Kifaransa niliyoazimwa na mapadri. Walikuwa wamekula herufi A yote na wamefika katikati ya B. Mtu mwenye akili afanye nini? Nilitengeneza kabati la waya. Ni zuri sana. Lina mlango na bawaba. Tangu siku ile panya hawajagusa hata ukurasa mmoja.

Walikwenda shambani. Hilo sikulitazamia.

Shuleni, Modeste, mtoto wa Sylvestre, ambaye kwa bahati mbaya ninakaa naye benchi moja, aliniuliza shamba letu liko namna gani. Nikasema salama. Salama kabisa? Kabisa. Panya hawakufika? Hata mmoja! Akanitazama kwa huruma, akanipa nusu ya mhogo wake.

Sipendi huruma ya Modeste. Mhogo niliula.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimepata! Mungu anisamehe, wazo lilinijia wakati wa hotuba ya Ijumaa. Shehe alikuwa akisema juu ya watu ambao nje ni wazuri na ndani hawana kitu. Nikawaza: vizuri!

Mchikichi mchanga ni nini? Ni makuti machache yanayotoka ardhini. Shina halionekani. Mizizi haionekani. Basi nikikata makuti mabichi ya michikichi mikubwa ya kijitoni, nikayachomeka mahali pa kila mche uliokufa, nani atajua? Bwana Bahizire anahesabu akiwa amesimama njiani, kwa sababu anapenda viatu vyake.

Tena kazi hiyo ninaifahamu. Mwezi wa saba, siku ya Uhuru, wanafunzi wote tulichomeka makuti barabarani toka sokoni hadi uwanjani. Yangu yalisimama wima kuliko ya wote. Direkta wa shule mwenyewe aliyasifu, ingawa alidhani ni ya Modeste.

Nilitoka msikitini nikiwa mwepesi. Shehe alinisifu kwa kusikiliza vizuri.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mikono yangu imeharibika. Hakuna kitabu kinachosema kwamba bua la kuti la mchikichi lina miiba kama meno ya msumeno.

Niliazima panga la Mzee Hadji, fundi wa baiskeli. Aliuliza la nini. Nikasema la jiografia. Alinipa bila kuuliza tena. Watu wanaheshimu elimu.

Nilikata makuti hadi adhuhuri. Kisha nikang'oa miche yote iliyokufa. Inatoka kirahisi, imeoza chini na alama za meno ya panya zinaonekana wazi, ushahidi wa kutisha. Niliirundika nyuma ya jiko na kuifunika kwa mkeka wa zamani.

Bibi akatokea. Akauliza ni nini kile. Nikasema kuni. Akaweka mkono kifuani, akasema tangu nizaliwe hajaona nikileta kuni bila kutumwa, na kwamba Babu huko aliko amefurahi.

Sikuweza kula vizuri. Nilikula sahani moja tu.

Jumapili, 14 Oktoba

Ushindi!

Wakristo wote walikuwa misani. Njia nyeupe, hapana mtu. Nilichomeka kuti baada ya kuti, safu kwa safu, toka ukingo wa barabara hadi karibu na mlango wetu, maana sehemu iliyokufa zaidi ndiyo hiyo ya mbele. Kila shimo nililikanyagia udongo vizuri. Nilipanda njia ya juu kutazama. Jamani! Shamba lote la kijani, limenyooka, limesimama kama askari. Nyuma yake ziwa linang'aa. Nilitokwa na machozi kidogo. Yalikuwa jasho pia.

Bibi alitoka nje, akatazama mbele ya nyumba yake kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akasema kwetu huku mambo ni mengi, akarudi ndani.

Alasiri Kadidja alipita na ndoo ya maji kichwani. Alisimama. Alitazama makuti, akatazama nyumba, akanitazama mimi. Akauliza:

“Asmani, kwenu kuna nini?”

Nikasema hakuna kitu.

“Haya. Mufiche tu!”

Akacheka, akaondoka mbiombio, na ndoo haikumwaga hata tone. Nadhani amependa namna shamba lilivyopangwa. Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nami nilimjibu maneno mawili! Nimeyaandika pembeni.

Jumatatu, 15 Oktoba

Jua si rafiki wa mtu.

Asubuhi nilitazama nje. Askari wangu wote wameinamisha vichwa. Makuti yamekunjamana, yana rangi ya ugoro. Na Bwana Bahizire ameanza leo! Namshukuru Mungu, alianzia upande wa pili. Kwetu ni Jumatano.

Nilikimbia kijitoni, nikakata mengine, nikang'oa ya jana, nikachomeka ya leo. Nilifika shule nimechelewa. Mwalimu aliniuliza nilikuwa wapi, kwa Kifaransa. Neno “kuti” kwa Kifaransa silijui, na kamusi haikunisaidia. Nilipiga magoti mbele ya darasa hadi mapumziko.

Wakati wa kurudi, Modeste alisimama njia ya juu akatazama shamba letu kwa mbali. Akapiga mluzi.

“Shamba yenu yote iko kijani! Hata moja haikukufa?”

Nikasema hata moja.

“Ee, ndugu yangu. Poleni sana.”

Poleni! Huo ni wivu wa waziwazi. Akaongeza kwamba wao wamepata hasara kubwa, karibu safu tatu zimeliwa, na alisema hivyo akitabasamu. Mtu asiye na haya hata kidogo. Nikamwambia asijali, Mungu atawakumbuka na wao.

Jioni jambo la ajabu. Mama Cibalonza, yule mjane Mkongomani anayekausha samaki ufukweni, alikuja kwetu na pakiti ya sukari. Alimkumbatia Bibi, akamkonyezea jicho. Baada yake mwingine akaja na mchele. Halafu mwingine na kuku, mzima, amefungwa miguu.

Bibi aliniuliza kwa nini watu wanamletea sukari. Nikasema sijui. Akafikiri. Akasema sukari haiulizwi inatoka wapi, akaifungia kwenye sanduku.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimeangamia. Naandika haraka.

Asubuhi nilibadilisha makuti tena. Nilipotoka shule, uwanja wetu ulikuwa umejaa wanawake. Masufuria! Mikeka! Mama Cibalonza akipiga ngoma kwenye kopo la mafuta ya taa! Na katikati yao Bibi yangu Mwamini, ameketi kama malkia, mikono yake imepakwa hina hadi kwenye viwiko.

Nilimwona Kadidja akipepeta mchele. Hofu ilikuwa kubwa kuliko haya, basi nikamwendea. Nikauliza kuna nini.

“Unaniuliza mimi? Si harusi ya bibi yako!”

Nikasema harusi gani. Akanionyesha makuti yangu kwa ungo. Akasema nani anachomeka makuti mabichi toka barabarani hadi mlangoni kama si mwenye harusi? Na kila asubuhi mapya! Harusi ya kawaida makuti ni ya siku moja. Watu wote wameona kwamba hii ni kubwa. Nikauliza bwana harusi ni nani. Akasema hilo ndilo linalowaumiza vichwa, lakini Mama Cibalonza amepiga hesabu: anayekuja kesho kwenye nyumba hii ni mmoja tu, ni mjane, ana mshahara, na ana viatu vizuri.

Bwana Bahizire!

Lakini yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Kadidja alishusha sauti akasema afadhali bibi yangu aolewe, maskini, kwa kuwa pesa za serikali hatapata hata faranga moja. Nikauliza kwa nini asipate, shamba letu lote la kijani! Akanitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyeingia msikitini.

Akaeleza. Mwaka huu hawalipi michikichi iliyo hai. Wanalipa iliyokufa! Ni msaada kwa walioliwa na panya, ili wapande upya. Lazima mwenye shamba aonyeshe miche yenyewe yenye alama za meno, la sivyo hapati kitu. Bwana Bahizire alieleza yote sokoni, baada ya watu kutaja majina.

“Si ulikuwa pale? Ulikuwa wapi?”

Nikasema nilikuwa na jiografia.

Nilikimbilia makuti. Nililishika la kwanza nikavuta. Ukelele! Wanawake wote waliinuka. Mama Cibalonza alinishika sikio na kuniuliza kama kichwani nina akili au nina maji: kung'oa makuti ya harusi kabla bibi harusi hajatoka ndani ni kuvunja ndoa, na anayeyang'oa mwenyewe hataolewa wala kuoa. Alisema hilo mbele ya Kadidja. Nikaliachia.

Basi angalau miche! Nilikimbilia nyuma ya jiko. Mkeka umefunuliwa! Wanawake wawili walikuwa wakichukua miche yangu na kuipeleka motoni, chini ya sufuria la wali! Ushahidi wetu wote! Meno yote ya panya yanageuka majivu!

Sikuweza kusema. Nikafanya jambo moja tu nililoweza: nilikalia rundo. Nikatoa kitabu mfukoni nikaanza kusoma.

Waliniambia ondoka. Nikafungua ukurasa mwingine. Walinivuta mkono. Nikashika ukuta. Mwisho Mama Cibalonza akasema niachwe, mtoto ana uchungu, bibi yake ndiye aliyemlea na sasa anachukuliwa. Mmoja akalia. Wakatuma watu kutafuta kuni kwingine, wakaniletea sahani ya wali na kuku. Nilikula pale pale juu ya rundo. Waliniletea nyingine.

Nilikaa hadi wote walipoondoka. Ninaandika haya nikiwa bado nimekalia.

Nilimwuliza Bibi kwa nini hakuwaambia kwamba hakuna harusi. Akasema hakuna aliyemwuliza kama ipo, kila mtu alikuja akimweleza. Na hina hajapakwa tangu Babu afe. Akaitazama mikono yake. Sikuuliza tena.

Nilimwambia habari ya pesa, kwamba inayolipwa ni miche iliyokufa. Nilitaka kumweleza na habari ya makuti. Neno halikutoka. Akasema vizuri, kesho nivae shati safi.

Kesho udanganyifu utaonekana, nasi tunapoteza shamba. Nimefikiria kukimbilia Nyanza-Lac. Sijui mtu hata mmoja Nyanza-Lac.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimelala kitandani nikicheka peke yangu kama mwehu. Alhamdulillah! Niandike kwa utaratibu.

Sikwenda shule. Nilivaa shati safi na kukalia rundo. Wanawake walifika mapema, wamejitia kanga mpya. Bibi alikaa mlangoni. Makuti ya jana yalikuwa yamenyauka kiasi, na hakuna aliyeniruhusu kuyagusa.

Bwana Bahizire alitokea kwenye kona na baiskeli yake, Sylvestre nyuma yake kwa miguu, na Modeste nyuma ya Sylvestre. (Na yeye hakwenda shule! Kisa?) Alipoingia tu baina ya makuti, vigelegele vikapasuka. Kopo la mafuta ya taa likalia. Mchele ukarushwa. Bwana Bahizire nusura aanguke na baiskeli.

Alishuka. Akatazama makuti upande huu na upande huu. Akavua kofia. Nilifumba macho, nikangoja neno polisi.

Akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwamba ameifanya kazi hii toka enzi za Wabelgiji. Watu wamemfungulia mbwa. Wamejificha kwenye mihogo. Hata siku moja hajapokewa kwa makuti kama mtu mkubwa. Akasema murakoze, murakoze cane, yaani asanteni sana, akafuta pua.

Mama Cibalonza akamsogelea akamwuliza, kwa niaba ya wote, mzigo ataleta lini (yeye alimaanisha mahari, bwana alidhani malipo ya serikali). Akajibu Jumamosi, ofisini, na mama mwenyewe afike na kidole chake gumba. Vigelegele tena! Sylvestre alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeingia kwenye filimu katikati.

Kisha Bwana Bahizire akaanza kukagua. Aliinama kwenye kuti la kwanza. Akaligusa. Likaanguka. Chini yake, shimo. Akaenda la pili. Likaanguka. Shimo. Sylvestre akasafisha koo, akasema kwa ule upole wake kwamba, Bwana agronomu, inaonekana hapa kuna watu walitaka kudanganya serikali.

Hata kopo lilinyamaza.

Bwana Bahizire akanyoosha mgongo. Akamwambia Sylvestre kwamba yeye kama kapita alipaswa kuwafundisha wengine jambo hili, naye hakufundisha: hawa wameweka alama kila mahali panya walipoua. Kila shimo na kuti lake! Toka Jumatatu anapapasa kwenye majani akitafuta mizoga ya miche kama mtu aliyeangusha sindano, na kwenye shamba la kapita mwenyewe alihesabu safu moja mara mbili. Hapa ni kazi ya dakika chache. Nani aliyefikiria?

Bibi akaninyooshea kidole chenye hina.

Watu wote wakageuka. Bwana Bahizire akaniuliza kama ni kweli. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Akasema tazameni, tena ni mnyenyekevu. Modeste alifanya sura ya mtu aliyemeza mfupa wa ndagala.

Bwana Bahizire akaniuliza miche iliyokufa iko wapi. Hapo niliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri! Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka, lakini rundo lilionekana. Akachukua mche, akatazama meno, akasema panya, bila shaka. Akahesabu. Kiasi fulani kilikuwa kimepikia wali, lakini mashimo yalikuwepo na makuti yalikuwepo, akasema anaridhika.

Nilikuwa nikivuta pumzi ya kwanza alipouliza tena:

“Na waya tuliowapa uko wapi?”

Pumzi ikarudi ndani.

Sylvestre akatabasamu. Modeste, nyoka yule, akasema aliwahi kuona waya nyumbani kwetu, ndani. Bwana Bahizire akaingia ndani. Nilimfuata kama mtu anayefuata jeneza lake. Akasimama mbele ya kabati langu. Akafungua mlango. Akaufunga. Akaufungua tena. Akauliza hiki ni nini.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Bibi ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni na miguu yake iliyovimba. Alisema ni waya wa serikali, mjukuu wake aliuchukua na yeye alimwona akiuchukua, na alinyamaza. Mchikichi ukifa unapandwa mwingine mvua ikinyesha. Lakini vitabu hivi ni vya kuazimwa, na mtoto asipovirudisha vizima mapadri hawatampa vingine. Basi alichagua. Kama kuna kosa, waliandike jina lake, asipewe mtoto.

Alijua! Siku zote alijua!

Bwana Bahizire alinyoosha mkono kabatini. Akachukua kamusi, akaifungua mwanzoni, akaona A imekwenda. Akaona meno. Akasema, polepole, panya hawa ni wale wale.

Akaamua hivi. Miche ambayo ilikuwa na waya wake haitalipwa, hiyo ni juu yetu. Iliyobaki italipwa yote. Na waya urudi shambani kabla miche mipya haijaletwa, atakuja kutazama mwenyewe. Bibi akasema hiyo ni haki.

Alipokuwa akiandika, Sylvestre akamkumbusha kwamba shamba ni la marehemu, na marehemu hawezi kupokea pesa, kwa hiyo pengine lingekuwa jambo jema kama jirani mwenye nguvu... Bwana Bahizire akasema ni kweli kabisa, ahsante kwa kumkumbusha, anayelipwa lazima awe hai. Akamwuliza Bibi kama yuko hai. Bibi akasema mpaka asubuhi alikuwa hai. Bwana Bahizire akafuta jina la Babu, akaandika Mwamini. Shamba na malipo. Akamtaka kapita aweke sahihi, awe shahidi.

Sylvestre aliweka sahihi. Kalamu ilikwaruza karatasi vibaya.

Jumamosi, 20 Oktoba

Bibi amelipwa. Alikwenda ofisini na hina yake, akaweka kidole gumba, akarudi akiwa amekaa nyuma ya baiskeli ya Mzee Hadji. Njiani aliimba. Sikujua kama anaimba.

Wanawake walikuwa wakimngoja nyumbani. Mama Cibalonza akauliza, sasa harusi? Bibi akasema hakuna harusi. Bwana Bahizire ni mtu mzuri, lakini ni rika la mtoto wa kwanza wa Bibi mwenyewe. Mama Cibalonza akafoka: na sukari yetu? Na hina? Na kuku wetu? Bibi akasema wamesherehekea mjane kuandikiwa shamba kwa jina lake, na kama kuna mmoja wao aliyewahi kuona harusi yenye faida kuliko hiyo, aseme.

Wakatazamana. Wajane ni wengi pale. Mama Cibalonza akachukua kopo akaanza kupiga. Wakapika tena.

Sukari haikurudi kwa mtu.

Kadidja alinipita na ungo. Akasema hakujua kwamba nina akili namna hiyo, kuweka alama. Ningeweza kumweleza ukweli. Nilikuwa na nafasi kabisa. Nilimwambia, “Ndiyo.” Neno moja tu, lakini lilitoka lote.

Jumapili, 21 Oktoba

Nimelala vizuri. Bibi yuko salama, shamba liko salama, kamusi iko salama isipokuwa A. Nimeanza kurudisha waya shambani. Nitamaliza kesho, au keshokutwa, nikipata mahali pa kuweka vitabu.

Nimekaa ufukweni asubuhi hii nikitafakari, kwa sababu mtu aliyesoma hupaswa kujifunza kutokana na mambo yaliyompata. Nimejifunza. Modeste anasema ilikuwa bahati. Modeste hana jicho la kuona. Nimechunguza tukio lote mwanzo hadi mwisho, na jambo ni wazi: wakubwa wa serikali ni watu wapweke. Hakuna anayewapokea. Ukiwapokea vizuri hawaoni mashimo, na wakiyaona wanayapenda.

Alhamisi mkaguzi wa shule anakuja toka Bujumbura. Atauliza hesabu, darasa lote, mmoja mmoja, ubaoni. Sijafungua kitabu cha hesabu tangu mwezi wa tisa.

Sina wasiwasi hata kidogo. Toka lango la shule hadi mlango wa darasa letu si mbali. Nimekwisha kuazima panga.